Kazi Si Hisani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa vijana, wazazi na viongozi wa makanisa. Tunaichapa hapa kwa ajili ya wasomaji wetu.)



Nimeombwa niseme juu ya vijana wetu wasio na kazi, tena nimeombwa niseme wazi. Nitajaribu kuyatimiza yote mawili. Sikuja kuwaliza, maana machozi yamekwisha kumwagwa ya kutosha. Wala sikuja na ahadi, maana ahadi tumezisikia nyingi kuliko machozi. Nimekuja na swali moja ambalo ningependa tulijibu pamoja bila woga: katika nchi yetu, kazi hutolewa na nani, hupewa nani, na kwa kipimo gani? Mkinivumilia, nitaonyesha kwamba swali hili si la wataalamu wa uchumi peke yao. Ni swali la utawala, na kwa hiyo ni letu sote.

Ugonjwa wa tangu zamani

Wako wanaodai kwamba ukosefu wa kazi ni ugonjwa mpya, ulioletwa na kizazi cha simu za mkononi kisichopenda jembe. Hebu tukumbushane. Mwaka 1964, Uhuru ukiwa bado mchanga, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walifanya mapatano ya pande tatu. Waajiri wa kibinafsi waliahidi kuongeza wafanyakazi wao kwa asilimia 10, serikali ikaahidi asilimia 15, nao wafanyakazi wakakubali kuacha kwa muda kudai nyongeza ya mishahara. Mapatano ya namna hiyo yalirudiwa mwaka 1970 na tena mwaka 1979. Mwaka huohuo wa 1964 ndipo ilipoundwa Huduma ya Vijana kwa Taifa, ili vijana waliokuwa wakizurura wapate nidhamu, ujuzi na riziki.

Mwaka 1966 makanisa yenyewe, kupitia Baraza la Kitaifa la Makanisa, yalitoa taarifa iliyouliza swali ambalo kila mzazi alikuwa akijiuliza usiku: baada ya shule, ni nini? Taarifa hiyo haikuishia katika kuuliza. Kutokana nayo zilizaliwa politekniki za vijiji, mahali ambapo kijana aliyekosa nafasi ya sekondari aliweza kujifunza useremala, uashi, ushonaji au ufundi wa vyuma karibu na kwao, kwa gharama ambayo mzazi maskini aliimudu. Baadaye serikali iliupokea mpango huo na kuueneza. Na leo, chini ya serikali za kaunti, taasisi hizo bado zipo kwa jina la vyuo vya mafunzo ya ufundi. Nawaomba wana wa makanisa mlikumbuke jambo hili, maana nitalirudia.

Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani walikuja wakachunguza, wakaandika ripoti iliyosomwa ulimwengu mzima. Walisema kwamba shida kubwa ya Kenya haikuwa tu watu wasiofanya lolote, bali pia watu waliofanya kazi kutwa kucha na bado wakabaki maskini. Wakaiambia serikali iache kuwafukuza mafundi na wachuuzi wa pembeni mwa barabara, badala yake iwasaidie. Ripoti hiyo ilipendekeza hivyo zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na hata leo askari wa jiji wangali wanamwaga mboga za akina mama barabarani.

Mwaka 1985 tukaletewa mfumo wa 8-4-4. Tuliambiwa kwamba kijana akimaliza darasa la nane atakuwa na ufundi mkononi. Wazazi walichanga, wakajenga karakana kwa harambee, wakanunua randa na misumeno. Lakini walimu wa ufundi walikuwa haba, vifaa vikawa haba zaidi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo mengi ya mkono yakaondolewa katika mtaala. Karakana nyingi ziligeuzwa kuwa madarasa au maghala.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Kwa masharti ya wakopeshaji wa kigeni, milango ya biashara ilifunguliwa ghafula, na kuanzia mwaka 1993 watumishi wa serikali wakaanza kupunguzwa kwa maelfu. Nguo za mitumba zilijaa sokoni, viwanda vya nguo vikayumba, na mkulima wa pamba akakosa mnunuzi. Baba aliyerudi nyumbani na kiinua mgongo kidogo alimkuta mwanawe naye ameketi nyumbani. Tangu hapo viwanda vingine vikubwa vimeanguka machoni petu. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa mwaka 2009, na kile cha sukari cha Mumias kikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Kiwanda cha namna hiyo kikianguka, anayeumia si yule tu aliyekuwa na kadi ya kuingilia langoni. Huumia pia mwenye lori, mwenye hoteli, mwenye nyumba za kupanga na mkulima wa miwa.

Nimeyataja haya ili tusidanganyane. Kwa zaidi ya miaka sitini nchi hii imeuchunguza ugonjwa huu na kuuandikia dawa. Tulichokosa si maarifa.

Hesabu ya leo

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Wakenya walikuwa milioni 47.6, na robo tatu yao walikuwa na umri wa chini ya miaka 35. Kwa hiyo mtu anapozungumzia vijana kama kwamba ni kikundi kidogo cha kushughulikiwa na wizara ndogo, anasahau kwamba anazungumzia taifa lenyewe.

Mwaka 2024 watahiniwa zaidi ya 960,000 walifanya mtihani wa kidato cha nne. Katika mwaka huohuo, kwa mujibu wa takwimu za serikali yenyewe, nafasi mpya za kazi zilizopatikana nchini zilikuwa 782,300. Mtu akisikia hivyo atadhani kwamba hali si mbaya sana. Lakini na tuzifungue hizo nafasi tuone kilichomo. Tisa katika kila kumi zilikuwa za sekta isiyo rasmi, yaani jua kali, bodaboda, kibanda cha mitumba na karai la mahindi ya kuchoma. Zilizobaki, zile za mshahara na mkataba, hazikufika 80,000. Huo ndio mlango wa sindano ambao kila mwaka tunawaambia watoto wetu wapite, pamoja na wale waliokuwa wakingojea tangu mwaka uliotangulia na mwaka wa kabla ya huo.

Sidharau jua kali. Jua kali ndilo lililoilisha nchi hii wakati wengine walipokuwa wakiila. Lakini fundi wa Kamukunji au wa Gikomba anayefanya kazi bila umeme wa kutegemewa, bila hati ya mahali anapokaa, bila bima, na ambaye banda lake huweza kuungua usiku au kubomolewa alfajiri, asihesabiwe katika vitabu kama ushindi wa serikali. Yeye ameshinda licha ya serikali.

Na kuna jambo linaloshangaza zaidi. Hata wale waliosomea kazi ambazo taifa linazililia hukaa nje. Mwaka 2024 madaktari waligoma kwa karibu miezi miwili, kuanzia Machi hadi Mei, na sababu kubwa ilikuwa madaktari wanagenzi ambao hawakuwa wamepangiwa vituo, pamoja na posho ambayo serikali ilitaka kuikata. Walimu waliohitimu wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu wakingojea kuajiriwa, ilhali kuna darasa lenye watoto themanini na mwalimu mmoja. Mgonjwa anamhitaji daktari, daktari anahitaji kazi, na baina yao pamesimama bajeti iliyotengenezwa na watu wasioumwa na lolote.

Safari ya mtafuta kazi

Wale wenye mishahara wamesahau gharama ya kutafuta kazi. Niruhusuni niwakumbushe.

Mfikirieni binti mmoja ambaye sitamtaja jina, kwa kuwa majina yake ni mengi. Amehitimu stashahada. Asubuhi anakopa nauli kwa dada yake. Anaingia saiba kuchapisha maombi, kisha anatoa nakala za vyeti, na baadaye anamtafuta wakili azigonge muhuri. Akifika ofisini anaambiwa alete cheti cha tabia njema cha polisi, ambacho peke yake humgharimu zaidi ya shilingi 1,000. Anatakiwa pia alete cheti cha ushuru, ingawa hajawahi kupata mshahara wa kutozwa ushuru, na cheti cha kuonyesha kwamba halipi mkopo wa elimu kwa kuchelewa, ilhali anatafuta kazi ili apate kuulipa mkopo huohuo. Baada ya yote hayo anaambiwa kwamba nafasi yataka mtu mwenye uzoefu wa miaka mitano. Akiuliza ataupata wapi uzoefu huo iwapo kila mlango unaudai kabla ya kufunguliwa, anaambiwa mlinzi amwonyeshe njia.

Hapo ndipo wanapotokea mbwamwitu. Wa kwanza ni yule anayempigia simu kumpongeza kwa kazi asiyoiomba, kisha anamtaka atume fedha kidogo za sare au za usajili. Wa pili ni wakala wa kazi za ng'ambo, mwenye ofisi ya wiki mbili na ahadi ya miaka miwili. Wako mabinti wetu waliokwenda nchi za Ghuba wakapata waajiri wema, na tunamshukuru Mungu. Wako pia waliopokonywa pasipoti, wakanyimwa mishahara, na wengine wakarudi katika masanduku. Tangu mwaka 2022 tumesikia pia habari za Wakenya wanaookolewa kutoka Myanmar, walikopelekwa kwa ahadi ya kazi za heshima wakalazimishwa kufanya utapeli wa mitandaoni. Wa tatu ni yule mkubwa anayefunga mlango wa ofisi na kumwambia binti kwamba nafasi ipo, mradi aelewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imelikataza jambo hilo waziwazi. Lakini sheria haiwezi kusikia yanayosemwa nyuma ya mlango uliofungwa, na binti mwenye njaa anaona haya kuyasema mbele ya wazee.

Vijana wenyewe huiita safari hii kutarmaki, yaani kuihesabu lami kwa nyayo za viatu. Baada ya mwaka mmoja viatu huisha. Baada ya miaka mitatu kinachokwisha ni imani ya mtu juu ya nafsi yake. Anaacha kuja kanisani kwa sababu hana sadaka, na anaacha kwenda harusini kwa sababu ataulizwa anafanya nini siku hizi. Kijana wa kiume anaogopa kuposa. Mama yake anaanza kumtetea kwa majirani, na baba yake anaanza kumnyamazia mezani. Huu ndio umaskini usioandikwa katika takwimu.

Je, ni uvivu?

Husemwa kwamba vijana ni wavivu na kwamba mchagua jembe si mkulima. Nami naziheshimu methali za wazee wetu. Lakini methali hiyo ilitungwa kwa mtu aliyewekewa majembe mawili akachagua. Mtu asiye na hata mpini anachagua nini?

Ninyi wana wa makanisa mnaujua mfano wa mwenye shamba aliyetoka kuajiri vibarua. Alikwenda sokoni mara kadhaa, na hata jua lilipokuwa likikaribia kuzama aliwakuta wengine bado wamesimama. Alipowauliza sababu ya kusimama kutwa, jibu lao lilikuwa fupi: hakuna aliyewaajiri. Angalieni kwamba hakuwatukana, wala hakuwahubiria juu ya uvivu. Mtu anayesimama sokoni tangu alfajiri hadi jioni si mvivu. Kwenu wapo vijana wanaoamka saa kumi usiku kwenda kusimama mbele ya lango la kiwanda, eti labda leo msimamizi atanyoosha kidole upande wao. Twendeni pale tukawaite wavivu, tuone kama ndimi zetu zitatutii.

Kazi inapogeuzwa hisani

Sasa nimefika kwenye kiini cha maneno yangu. Uchache wa kazi ni jambo moja. Namna zile chache zinavyogawanywa ni jambo jingine, na hili la pili halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia kurekebishwa.

Mahali ambapo kazi ni chache na hakuna uwazi, kazi huacha kuwa haki ya anayestahili ikageuka kuwa hisani ya mwenye nguvu. Mbunge huwa na orodha yake, gavana ana yake, na mkurugenzi ana mpwa wake. Tangazo hutolewa gazetini baada ya nafasi kwisha kujazwa, na mahojiano hufanywa ili kutimiza desturi. Kijana aliyepata alama za juu anarudi nyumbani akidhani kwamba hakujibu vizuri, kumbe kosa lake ni kuzaliwa na mzazi asiyejulikana.

Si porojo ninazosema. Mwezi wa Julai mwaka 2014 palifanywa usajili wa makurutu 10,000 wa polisi nchini kote. Mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi ilikwenda mahakamani ikalalamikia rushwa na ukiukaji wa taratibu, na mwezi wa Oktoba Mahakama Kuu ikaubatilisha usajili wote. Tafakarini. Mtu wa kwanza ambaye mwananchi humwendea akiibiwa ni polisi. Ikiwa polisi mwenyewe ameuziwa sare, atairudisha vipi fedha ya baba yake isipokuwa kwa kumtoza mwenye matatu na mwenye bodaboda, ambao nao ni vijana? Kwa hiyo rushwa ya siku moja katika uwanja wa usajili hulipwa na maskini kila siku barabarani, kwa miaka thelathini, hadi afisa huyo astaafu.

Najua atakayesema: Bwana, usipotoa kitu, atachukua mtoto wa mwingine. Ndiyo maana wazazi wengi huuza ng'ombe au kipande cha shamba wainunue nafasi. Siwahukumu kwa haraka, maana mfa maji hushika maji. Lakini na tuipime hoja hiyo kwa mizani yake yenyewe. Kama wazazi mia wanazo nafasi kumi, na wote mia wakatoa, nafasi hubaki kumi. Hazikuongezeka hata moja. Kilichoongezeka ni mali ya anayepokea, na wazazi tisini wamebaki bila nafasi na bila ng'ombe. Na usajili ukibatilishwa, kama ule wa mwaka 2014, hata wale kumi hawana stakabadhi ya kudai chao. Hiyo si biashara ila ni kamari, na mwenye meza ndiye anayeshinda daima.

Ukabila nao umekaa papo hapo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kwanza zipewe watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa katika kaunti. Hizi ni sheria nzuri, lakini zinalala. Na mwananchi hufarijiwa kwa kuambiwa kwamba mtu wetu yuko juu. Hebu tuulize kwa upole: huyo mtu wetu akishakula, ni sisi tunaoshiba? Katika kila jamii ya Kenya, bila kubakiza hata moja, wamo vijana wanaotarmaki ilhali mtu wao yuko juu.

Hisani ina bei nyingine, tena kubwa kuliko ng'ombe. Aliyepewa kazi kama zawadi hawezi kusema kweli. Atatia saini hati ya uongo akiagizwa, na atanyamaza dawa zikiibwa hospitalini. Kwa njia hiyo mtawala anayegawa kazi kwa mkono wake hununua ukimya wa nchi. Ndiyo maana nasema kwamba ajira ni swali la utawala. Mtu anayepata kazi kwa haki huwa raia, lakini anayeipata kwa hisani huwa mtumwa mwenye mshahara.

Kijana kama silaha

Na yule ambaye hata hisani hakuipata hutafutiwa matumizi mengine. Mwaka 1992, ulipokaribia uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, vijana walikusanywa chini ya kundi la YK'92 na fedha zikamwagwa. Noti mpya ya shilingi 500 ilipewa jina la utani, Jirongo, kwa kumfuata mkuu wa kundi hilo. Uchapishaji wa fedha nyingi katika mwaka ule wa kura ulichangia mfumuko wa bei uliopita asilimia 40 mwaka 1993. Kijana aliyepokea noti ile alijikuta, baada ya miezi michache, inanunua unga mchache kuliko awali. Waliomkodi walikuwa wamekwisha kuingia ofisini.

Isidhaniwe kwamba hayo yamepita. Mwezi wa Juni mwaka 2025 watu waliobeba rungu walionekana jijini Nairobi wakiwashambulia vijana wenzao walioandamana. Aliyekodiwa hana kazi, na anayepigwa hana kazi. Tajiri wao yuko nyumbani akitazama televisheni.

Baina ya uchaguzi na uchaguzi huletwa vibarua vya kuzibua mitaro. Mwaka 2009 ilikuwa Kazi kwa Vijana, na mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, ilikuwa Kazi Mtaani. Sikatai kwamba vilisaidia, maana mwenye njaa hachagui mkate. Lakini mitaro ikisha kuzibuliwa kijana alirudi alipokuwa, bila cheti, bila ujuzi na bila akiba. Mikopo nayo ilikuja, kuanzia Hazina ya Vijana ya mwaka 2006 hadi ile ya Hasla ya mwaka 2022 iliyoanzia shilingi 500. Mtaji ni kitu chema. Lakini mtaji wa shilingi 500 kwa mtu anayelipa ushuru katika unga, katika nauli na katika simu, ni sawa na kumpa mtu kikombe cha maji huku umeifunga bomba ya nyumba yake.

Hasira ya vijana iliyoonekana mwezi wa Juni mwaka 2024, walipoupinga Mswada wa Fedha hata ukakataliwa kutiwa saini, na ambao makumi ya wenzao walipoteza maisha yao, haikuzuka kutoka hewani. Ilikuwa imehifadhiwa kwa miaka mingi katika bahasha za maombi yasiyojibiwa.

Tufanye nini?

Sitaki tuondoke hapa tukiwa tumelalamika tu. Ninayo mambo matano.

La kwanza, tuijue sheria na kuitumia. Kifungu cha 55 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaiamuru serikali ichukue hatua ili vijana wapate elimu ifaayo na kazi. Kifungu cha 232 kinataka uteuzi katika utumishi wa umma ufuate ushindani wa haki na ustahili. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi kaunti ikitangaza nafasi, vijana watano waandike barua kwa bodi ya utumishi wakidai orodha ya walioomba, walioitwa na walioajiriwa, pamoja na alama zao. Barua moja huweza kutupwa, lakini barua mia mbili, zenye nakala kanisani na kwa mwandishi wa habari, hazitupiki kwa urahisi.

La pili, tukatae gharama zisizo za haki. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa, ili mwajiri asimdai mwombaji vyeti vya uidhinishaji mpaka awe amekusudia kumpa mkataba. Waajiri wengi bado wanadai, kwa kuwa waombaji wengi hawajui. Ibandikeni habari hii katika ubao wa matangazo wa kila kanisa. Makanisa mengi yanazo shule na hospitali, nayo pia ni waajiri. Waanze wao.

La tatu, makanisa yarudi katika kazi yao ya mwaka 1966. Majumba yenu hukaa matupu tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Miongoni mwa waumini wenu wamo mafundi, wahasibu, wauguzi na wakulima waliostaafu. Chumba kimoja, fundi mmoja, vijana kumi. Haimalizi tatizo la taifa, lakini humwondoa kijana mmoja lamini, na huipa sauti yenu uzito mnapoikemea serikali. Anayekemea huku mikono yake inafanya kazi husikilizwa.

La nne, mimbari zisiuzwe. Mwezi wa Novemba mwaka 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza mchango wa wanasiasa uliotolewa katika parokia moja urudishwe. Tunaheshimu uamuzi huo. Fedha zinazoletwa madhabahuni kwa magari ya kifahari huenda ndizo zilizokuwa ziwalipe madaktari wanagenzi. Paa la mabati ni zuri, lakini mvua isitufanye tuuze haki ya watoto wetu.

La tano ni lenu, vijana. Kateni kuwa silaha ya mtu. Jiandikisheni kupiga kura, na mnapoombwa kura msiulize mgombea atawapa nini siku ile. Mwulizeni ni nani aliyeajiriwa katika ofisi yake na kwa njia gani, na kama yuko tayari orodha hiyo isomwe hadharani. Asiyeweza kujibu amekwisha kujibu. Tena unganeni. Dau la mnyonge haliendi joshi, wahenga walisema. Lakini hawakusema kwamba wanyonge mia hawawezi kulisukuma dau moja.

Mabibi na mabwana, hatudai kwamba kila kijana akabidhiwe kiti na meza. Tunadai kwamba kazi zilizopo zitolewe mchana, mbele ya macho ya watu, kwa anayestahili. Tunadai kwamba fedha za umma zijenge viwanda, mashamba na karakana zitakazozaa kazi nyingine, badala ya kujenga matumbo ya wachache. Na tunadai kwamba mwana wa mjane wa Turkana apimwe kwa kipimo kilekile cha mwana wa waziri. Madai hayo si makubwa. Ni madogo kiasi kwamba aibu ni ya yule anayeyakataa.

Kazi si hisani. Anayeitoa kwa haki hatoi chake, na anayeipokea kwa haki hana deni la kumlipa mtu yeyote isipokuwa jasho lake.